Nimeliosha Gari la Zimamoto la Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla furaha yangu haijaingia doa, maana nimeolewa juzijuzi tu na mume wangu nampenda kiasi kwamba nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka kama vile hatukuonana asubuhi. Yeye ni fundi umeme, na mikono ile inayovuta nyaya kutwa ndiyo hiyo hiyo inayoshika kibano jioni na kuunganisha gari dogo la zimamoto, vipande vya plastiki vya kwenye boksi, ngazi inanyanyuka, mpira wa maji umezungushwa vizuri, na mimi hukaa pembeni nikimtazama anavyotoa ncha ya ulimi akibandika taa, jamani, mwanaume mzuri yule! Gari hilo ni zawadi ya kumpa baba mkwe, ambaye ameendesha lile la kweli tangu ujana wake na sasa anastaafu, wanamuaga Jumamosi.

Basi juzi akiwa kazini nikasafisha meza yake, nikalikuta gari lina masizi mlangoni, nikasema maskini, mume wangu kachoka mpaka uchafu hauoni, nikachukua pamba na maji ya sabuni nikalisugua likameremeta, nikaliweka juu ya kitambaa cheupe. Akaingia, akalitazama, akasema, "Limependeza, mke wangu," akanibusu kwenye paji la uso akaenda kuoga. Tangu hapo hajaigusa ile meza.

Jana akaja mdogo wake, akaliona, akashika kichwa.

"Shemeji, umeua! Yale masizi kayapaka mwenyewe kwa unga wa mkaa, yafanane na ya siku Mzee alipotoka kwenye moto wa ghala. Siku ile Mzee alikataa kabisa gari lake kuoshwa mpaka watu wote walione."

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini, na wewe umesimama pale meno yote nje?"

Mshauri, nimelia. Nimeshasaga mkaa, nataka niyarudishe kimya kimya akiwa kazini. Au nijifanye sijui, maadamu naye kaamua kunificha?

Bibi Harusi

*

Bibi Harusi, hongera kwa ndoa, na pole. Sasa mwaga huo mkaa.

Hivi unajua moshi ule ulianzia chini ya mlango au juu ya dirisha? Hujui. Uliosha bila kuuliza, na leo unataka kupaka bila kuuliza, halafu unaita mapenzi. Mapenzi unayo, tena tele, lakini mikono yako inatangulia mdomo.

Mumeo naye nina neno naye. Kumwambia mke "limependeza" huku roho inauma ni kumwacha peke yake ndani ya kosa asilolijua. Mkianza kufichana maumivu sasa, na bado mnabusiana mlangoni, mkizoeana itakuwaje?

Leo akirudi, mwambie hivi: "Nimejua nilichofuta. Nisamehe." Basi, usirefushe. Akikasirika, mwache akasirike. Usikimbilie jikoni, wala usilie mpaka ageuke yeye wa kukubembeleza. Akitulia, vuta kiti, umwombe akuoneshe moshi ulipita wapi. Kazi ianze leo leo, Jumamosi haiko mbali, naye akikuachia kipande kidogo upake, paka.

Na siku hiyo baba mkwe akiligeuza gari mkononi, akauliza nani kapaka hapa palipopinda, usimtazame mumeo. Inua mkono.