Shule Isiitwe Nzuki

Flemingdon Park, Toronto
Machi 11, 2012

Kwa dada yangu Katunge,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilifika, ama waliichukua njiani? Mimi niko. Mgongo unauma asubuhi, nikifika kazini unanyamaza. Watoto wako Scarborough, wazima, nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizungu. Mama yao Kalekye ametimiza miaka mitatu tangu tumzike. Nyumba ni vyumba viwili lakini bado naiona kubwa.

Jumapili uliponipigia simu nilikujibu vibaya. Ulisema shule yenu ya wasichana inafunguliwa tena Aprili, baada ya miaka arobaini, na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati. Mmekubaliana iitwe jina la marehemu Nzuki, aliyekuwa manager wa shule zote mbili, ile ya wavulana na hiyo yenu. Ukaniomba maneno machache ya kumsifu, yasomwe siku hiyo, kwa sababu mimi nilimfanyia kazi ya mjengo. Nikasema niko na haraka, nikakata. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nimekaa kitandani na soksi moja.

Maneno ndiyo haya, lakini si ya kumsifu. Kwa simu singeweza. Ningesikia unavyopumua, ningenyamaza. Soma polepole, mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne.

Tangu Januari tunafanya kazi kwa shule moja ya zamani hapa mjini. Hatuiangushi. Tunatoa matumbo, ngozi inabaki, watu wenye pesa waje waishi ndani. Ilijengwa mwaka wa 1911. Jengo moja, shule mbili, sekondari ya wavulana na sekondari ya wasichana, mwalimu mkuu mmoja. Katikati kuna ukuta wa matofali kutoka chini mpaka paa, hauna hata tundu la panya. Milango ni miwili. Juu ya mmoja wamechonga kwa jiwe kwamba ni wa wavulana, juu ya mwingine wasichana. Hayo mawe tumeambiwa tusiyaguse, eti wanunuzi wanayapenda. Mwenzangu wa toroli ni Tharcisse, Mrundi, mtu wa miaka hamsini na mdomo wa miaka kumi. Kila asubuhi ananiambia mzee, pita kwa mlango wa mabinti, umri wako hauna madhara tena. Mimi namwambia apite yeye, ana makalio ya mama mkwe.

Upande wa wavulana kulikuwa na kila kitu. Mbao nzito chini, maabara mbili, madirisha unaweza kupitisha ng'ombe. Upande wa wasichana kulikuwa na chumba cha kupika, chumba cha kushona, na ngazi nyembamba. Hiyo haikunishangaza, si nilikuwa naona kwetu. Lakini wiki ya tatu tulipofika ghorofa ya juu ya wasichana, nikaona chini ya kila dirisha kuna alama nne kwa sakafu. Alama za miguu ya chuma. Hapa nyumba inapashwa joto na mabomba mazito ya chuma yanayokaa chini ya dirisha, na hapo hayakuwepo. Nikatoa plasta. Bomba la mvuke lilikuwa ndani ya ukuta, limekatwa na msumeno, likazibwa na kipande cha mti. Upande wa wavulana, chumba kimoja kilikuwa na mabomba sita kama hayo, na manne si ya aina moja na yale mawili.

Msimamizi wetu ni mama wa Kihindi anaitwa Nazira, mhandisi, kwao ni Dar es Salaam, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nilimwita nikamwambia hivi vitu vilitolewa hapa vikapelekwa kule. Akasema labda viliharibika. Nikamwambia kitu kilichoharibika hakikatwi vizuri hivyo. Akaniita mzee mbishi, akaenda zake.

Siku mbili baadaye Tharcisse alivunja kabati ya ukutani kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, likaanguka daftari. Nazira akalisoma wakati wa chakula, sisi tumekaa juu ya ndoo za rangi. Alianza anacheka. Halafu akaacha kucheka. Huyo mkuu aliandika kwamba makaa ni machache kwa sababu ya vita, na wavulana wana mtihani wa chuo kikuu mwaka huo. Kwa hiyo mabomba ya juu ya wasichana yatolewe wakati wa likizo. Wasichana wakirudi watavaa makoti, na kushona kutawachangamsha vidole. Mbele kidogo ameandika wazazi wao waambiwe baridi ndiyo imepasua mabomba. Kwenye ukurasa wa mwezi wa pili kulikuwa na orodha ya walioacha shule kwa ajili ya vifua. Wasichana kumi na mmoja. Chini yake mkuu ameandika kwamba wavulana wamepita vizuri sana, na anashukuru Mungu.

Nazira alilifunga hilo daftari akalishika kwa ncha za vidole, kama nepi. Akasema kwa hasira angependa kumfukua huyo mzee amtie kwa friji. Mimi nilisimama nikaenda kutapika nyuma ya kontena la takataka. Tharcisse akanifuata na maji, akaniuliza nimekula nini, ama ni mimba. Sikuweza kumtukana.

Si huyo mkuu aliyenitapisha, Katunge. Mkuu hakushika msumeno. Kulikuwa na mtu wa kazi kama mimi. Alipewa amri, akakata, akaziba na mti, akapiga plasta juu, akaenda nyumbani kula.

Sasa nakuambia. Likizo ya Agosti mwaka wa sabini na mbili, upepo haukuezua bweni lenu. Niliezua mimi.

Nzuki aliniita na wanaume wengine wawili, wote wamekufa. Inspekta alikuwa anakuja mwezi wa tisa kukagua maabara ya wavulana na maabara haikuwa na paa. Nzuki alisema wasichana wataletewa mabati mapya kabla shule ifunguliwe. Tulianza alfajiri, kufika saa nne tumemaliza. Yale mabati matatu yaliyokunjika, mliyoyakuta kwa mkonge mkasema tazameni nguvu za upepo, niliyakunja mimi kwa goti nikayatupa pale. Aliniagiza hivyo, nikafanya vizuri. Halafu tukavuka barabara tukaezeka maabara.

Mabati mapya hayakuja. Mliambiwa mngoje nyumbani. Mlingoja muhula, mkangoja mwaka, wewe ukaolewa na Mutinda, na unajua ulivyoishi na Mutinda mpaka ukarudi nyumbani. Kalekye naye alikuwa darasa lako. Nilimwoa mimi. Alikuwa akiwachekesha watu hapa kanisani, anasema yeye alichumbiwa na upepo. Aliosha ofisi za watu miaka kumi na sita akisema hivyo, na mimi nimekaa kando yake nikicheka pamoja nao. Nikikumbuka hicho kicheko changu najichukia.

Malipo yangu pia uyajue. Nzuki hakunipa pesa. Alinipa mabati manne. Nilimwambia mama ni mabaki ya mjengo, nikaezeka jiko. Ni hilo jiko lenu hapo nyuma. Umepika chini ya bweni lako miaka yote hiyo. Kamati ikisema mzee amechanganyikiwa na baridi ya Kanada, mtu apande na ngazi atazame. Kila bati lina tundu za misumari mara mbili, za kwanza nimeziziba na lami.

Shule isiitwe Nzuki. Iiteni jina la mto, jina la kilima, lolote. Msipitishe wasichana chini ya jina hilo kila asubuhi. Na jina langu pia litajwe, lina mahali pake kwa hii habari.

Wasalimie watoto wote, na majirani wanaonikumbuka, kama baada ya hii bado watataka salamu zangu. Msamaha siombi kwa karatasi. Kamati ikiogopa kuisoma barua hii siku hiyo, isome wewe. Ulifika kidato cha pili, unanishinda kusoma.

Ni mimi kaka yako,
Musembi