Vikombe vya Ukumbi

Oamaru, 17 Machi 1996

Baba yangu mpendwa,

Nilipokuaga pale getini nilisahau kukuambia kwamba machozi yale yote yalikuwa ya furaha! Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Yule mbwa Jess ameshazaa? Sisi wazima kabisa, wazima kupita kiasi. Bevan ananiletea chai kitandani kila asubuhi, na ananiita "mke wangu" hata mbele ya muuza samaki, nami naona haya mpaka masikioni. Sikujua, Baba, kwamba mtu anaweza kuamka anacheka. Jana aliunguza mikate ya jibini, tukaila hivyo hivyo, nikaiona tamu kuliko keki ya harusi.

Bado naiona harusi yetu: banda la kukatia manyoya ya kondoo limefagiliwa hadi linang'aa, wewe unacheza na Shangazi Netta, nami nakujazia wiski nikisema, "Moja tena, Baba, binti haolewi mara mbili!" Uliahidi kutuletea kabati la marehemu Mama mara tukitoka fungate. Tumeshaliwekea nafasi chini ya dirisha. Unakuja lini?

Na asante kwa kurudisha meza na vikombe vya ukumbi wa kanisa. Bibi Haines anayevitunza hajanilalamikia, kwa hiyo najua ulifika kabla ya ibada.

Binti yako akupendaye,
Una

*

Tuatapere, 25 Machi 1996

Mwanangu Una,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima. Jess amezaa watano, mmoja mweupe mwili mzima. Mvua haijakatika tangu Jumanne. Msalimu Bevan, mwambie jibini linataka moto mdogo.

Kabati litasubiri. Gari lina matatizo kidogo.

Vikombe vilifika.

Baba yako

*

Oamaru, 4 Aprili 1996

Baba,

Nisamehe, leo sikuulizi hali. 

Shangazi Netta ameniandikia namna ya kupika jemu ya plamu, na hapo katikati, baada ya kupima plamu na kabla ya kupima sukari, akaandika: "Maskini kaka yangu, miaka ishirini na miwili anapeleka barua bondeni hajagonga hata kondoo, leo kanyang'anywa leseni kwa ulevi." Kisha akaendelea na sukari!

Nimeisoma sentensi hiyo mara tano. Nikampa Bevan aisome kwa sauti, nikidhani labda kinywani mwake maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Wewe, Baba? Wewe unayezima redio kila ukivuka daraja? Lini? Umemuumiza mtu? Niambie kila kitu, na tafadhali usiniandikie habari za mvua.

Una

*

Tuatapere, 9 Aprili 1996

Mwanangu,

Natumaini umetulia na mmeo hajambo. Sikumuumiza mtu. Nataka uanze na hilo. Pia gari halina tatizo lolote; nilikudanganya.

Ilikuwa Jumapili, asubuhi ya baada ya harusi yako, saa mbili na dakika ishirini, darajani. Nyuma nimepakia meza na vikombe. Nilikuwa nimelala kidogo, nimekunywa chai, nimenyoa ndevu, najiona mtu safi. Konstebo Strahan alikuwa anasimamisha kila gari.

"Habari za asubuhi, Mzee Mac. Bibi harusi keshaondoka?"

"Keshaondoka. Nina vikombe vya Bibi Haines hapa. Nikichelewa atanichinja."

Akacheka, akaninyooshea kipima ulevi. "Haya, puliza upite zako."

Nikapuliza. Akaacha kucheka.

"Mzee, umekunywa nini leo?"

"Chai."

"Puliza tena."

Nikapuliza tena. Aliyepauka ni yeye. Tukatazamana kama watu wawili waliofungua bahasha isiyo yao. Kumbe mimi nililala, wiski haikulala.

Vikombe alivipeleka yeye, kwa gari la polisi. Kanisa zima lilitoka nje kutazama.

Mahakama imenifungia leseni kwa miezi sita. Sasa barua zangu zinapelekwa na kijana kutoka Invercargill. Anatupa magazeti kwenye matope, na dawa za moyo za mzee Colm alizining'iniza kwenye uzio, zikanyeshewa siku mbili. Nisiporudi barabarani kufikia tarehe mosi Mei, njia yangu anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Zikipita siku ishirini na nane tangu hukumu, sheria inaniruhusu kuomba leseni ya masharti, ya kazi tu. Shauri litasikilizwa tarehe 18.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungelibeba hili mgongoni mwako. Kosa ni langu. Usimwandikie mtu yeyote.

Baba yako

*

Tuatapere, 19 Aprili 1996

Mwanangu Una,

Hujambo? Bevan hajambo? Mimi tangu jana sijakaa sawa.

Nilikukataza! Nawe umemwandikia hakimu kurasa nne!

Wakili alikuwa na barua thelathini na nane za watu wa bondeni. Hakimu alizipekua moja moja, kisha akaichomoa yako, ambayo mimi sikujua kama ipo, akaisoma mbele ya watu wote: "Mimi ndiye niliyemjazia glasi. Mimi ndiye niliyemtuma na vikombe. Kama kuna wa kuadhibiwa, niadhibiwe mimi." Nilitamani ardhi ipasuke. Akanitazama juu ya miwani.

"Bwana McKerrow, binti yako ndiye aliyeshika usukani?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Alikupanua mdomo kwa nguvu?"

"Hapana. Mdomo wangu, mkono wangu, gari langu."

"Vizuri. Ungejificha nyuma ya barua hii, ningekunyima papo hapo."

 Kumbe upendo wako wa kurasa nne ulikuwa umeniweka ukingoni.

Kisha akaichukua ya mzee Colm, mistari miwili tu: "Nisipotokea sandukuni, Mac hubisha mlango. Huyu mpya hajui kama mimi ni mzima au nimekufa." Hakimu akaikunja taratibu. Akanipa leseni.

Masharti ni haya: Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kutoka posta hadi mwisho wa bonde, na kurudi nyumbani. Nisimpakie mtu. Tone la pombe lisipite kinywani. Mpaka tarehe 14 Septemba.

Leo nimeanza. Unakumbuka bendera za masanduku ya barua, kwamba mwenye barua ya kutuma huiinua ili nisimame? Sanduku la kwanza, bendera juu. Nikasimama, ndani hamna kitu. La pili vivyo hivyo. Nikadhani watoto wananichezea. La tatu, Bibi Haines mwenyewe yuko uzioni. "Usishangae, mlevi wewe," akasema, "tulitaka tu usimame." Yote sitini na moja, Una. Nilifika nyumbani saa nane kasoro dakika nne.

Kwenye njia panda kile kibao kinaelekeza kwenu. Nilikitazama, nikakata kushoto kuingia bondeni. Kabati litasubiri mpaka Septemba, na mimi pia.

Baba yako

*

Oamaru, 22 Aprili 1996

Baba yangu mpendwa,

Hujambo, Baba yangu? Na Jess na watoto wake hawajambo? Sisi wazima, ila mimi tangu barua yako ifike nazunguka jikoni nimeshika kijiko, sijui nilitaka kukoroga nini. Nilikuwa karibu kukupokonya njia yako kwa mkono wangu mwenyewe! Niliandika kurasa zile nikilia, nikijiona shujaa. Nilidhani kumpenda mtu ni kumtua kosa lake ulijitwike wewe. Bevan alisoma barua yako, kisha akasema, "Mke wangu, siku nyingine mwandikie mistari miwili." Nikamrushia kitambaa cha vyombo, halafu nikamkumbatia.

Basi hii hapa mistari yangu miwili, ingawa itazidi kidogo.

Septemba ni mbali mno. Wewe huwezi kukata kulia pale njia panda, lakini sisi tunaweza kukata kushoto. Bevan ameazima lori la kaka yake, kabati tutalichukua wenyewe. Njoo na kazi yako kama kawaida, usiharakishe, usipite hata sanduku moja. Nitasimama kwenye lile la mwisho, la mzee Colm. Sitapanda gari lako, sheria ni sheria. Nitaingiza mikono yote miwili dirishani, kisha tutakufuata nyuma polepole mpaka nyumbani, kabla ya saa nane. Chai nitapika mimi, na vikombe nitakuja navyo vya kwetu, visivyo na wa kurudishiwa.

Mwezi huu hautaisha, Baba, hujaniona. Jumamosi hii, tarehe 27, ukikuta bendera ya mzee Colm iko juu, simama. Safari hii kuna mzigo.

Binti yako,
Una