Mfereji Unafungwa, Kasema Mkenya

Jumanne jioni. Unyevu umejaa hewani mpaka miwani yangu ya jua (orijino, msiulize) inatoka jasho. Lakini mimi? Mwepesi kama niliyeshushwa gunia mgongoni.

Mnaonisoma mnajua: mfereji huu wa Dubai mimi ni mmoja wa waliouchimba. Haya, nilikuwa nafunga nondo. Lakini nilipakuta mchanga na maghala. Barabara kuu ikapandishwa darajani ili maji yapite chini, na leo maghorofa yanajitazama majini kama bibi harusi kwenye kioo. Mimi wa darasa la saba, mlinzi wa ukingoni, wageni wakiniuliza historia naimwaga kama profesa.

Asubuhi sapavaiza wetu Kamau, Mkenya, akatuma sauti kwenye grupu la walinzi: "Wasee, mfereji unafungwa kesho. Hapo kwetu panajengwa upya. Khalas, mjipange."

Nikairudia sauti ile mara tatu.

Mfereji ukifungwa, mlinzi wake analinda nini? Kazi hakuna, viza hakuna, narudi Singida, na binti yangu Neema ndiyo kwanza kaanza chuo cha uuguzi. Nikautembea ukingo wote nikiuaga. Okello, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, nikampa godoro langu zuri. Nikalia kidogo nyuma ya duka la kahawa.

Kidogo tu.

Mchana nikamfuata Kamau. "Kaka, na boti zitaenda wapi?"

"Boti gani?"

"Si umesema mfereji unafungwa?"

Akanikodolea macho, kisha akashika magoti kwa kicheko. "Wewe Mbongo! Mfereji wa kunawa, hapo nyuma ya kibanda chetu! Wanabomoa wajenge maduka, maji yanakatwa."

Bomba! Jamani, Mkenya bomba analiita mfereji!

"Na haya maji yote hapa mnayaitaje?"

"Hiyo ni kanali, bana."

"Kwetu kanali ana nyota mabegani na anapigiwa saluti!"

Tukacheka mpaka watalii wakatupiga picha. Nikamkumbatia, sare na jasho lake vyote.

Nimempigia Neema nimsikie tu. "Baba, kuna nini?" Hakuna kitu mwanangu, soma.

Ningemwambiaje kwamba asubuhi nzima kichwani nilikuwa nimeshamwachisha chuo, kwa sababu ya bomba?

Kesho nanawa kwa maji ya chupa, kama tajiri.