Kilio Changu Mlichokitia Gitaa

Macquarie Fields,
Sydney, Australia.
Jumapili, 17 Oktoba 2021

Mpendwa mdogo wangu Omollo,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako jua la Oktoba limeanza kuchoma. Hujambo? Kifua kinaendeleaje tangu ile Korona ya mwezi wa tatu, bado kinakukata ukipanda ngazi? Mkeo Marloes naye hajambo? Na Fenna, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo?

Sisi tu wazima. Magoti yangu ndiyo yanalalamika, na pua imechubuka kwa barakoa za kazini, lakini wazee wangu wote pale nyumba ya wazee wamechanjwa na hatujampoteza hata mmoja. Jacky amenipita kwa urefu. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha jibu linatoka kwa Kiingereza, na mimi nimechoka kumgombeza.

Lockdown wametufungulia Jumatatu iliyopita. Miezi mitatu na nusu, Omollo, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa, na huruhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni kwako. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kusukwa. Nilikuwa naogopa kioo.

Nimeandika kwa mkono, kama alivyotaka baba tuandikiane. Jacky ataipiga picha barua hii aitume kwenye simu yako leo hii, maana posta sasa inachukua wiki sita na mimi sina wiki sita. Nina siku kumi na tisa. Nakuandikia Kiswahili chetu cha railway quarters Nakuru kwa sababu Kiholanzi nimekisahau, na Kijaluo chako sote tunakijua kilivyo.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini unisikilize.

Jumanne Jacky alinijia jikoni ameshika simu, uso umemshuka. Akasema, “Mum, that's you.” Nikasikia mwanamke analia. Sikujitambua mara moja, maana nani aliyewahi kujisikia akilia? Kisha yule mwanamke akasema, “Baba, nimefika langoni,” nikaishika meza.

Ni mimi. Ni kilio changu cha mazishi ya baba mwezi wa nane. Ndicho kinachofungua wimbo wa kwanza wa albamu yenu mpya, ule mlioutanguliza kwenye mtandao. Sekunde hamsini na nne nalia peke yangu, halafu gitaa la Sjoerd linanivamia, halafu unaingia wewe na kunguruma kwako.

Katika barua hii yote naomba kitu kimoja tu, nakitaja mapema usije ukasema hukuelewa: itoe sauti yangu kabla albamu haijatoka tarehe tano Novemba.

Chini ya wimbo mmeweka na historia ya bendi, miaka ishirini na mitano ya Turfgraf, na jina lako liko mwishoni kama mwandishi. Nimeisoma mara tatu, Jacky akinisaidia pale penye Kiingereza kigumu. Haki ya Mungu, mdogo wangu, unajua kuandika! Ningekuwa sikuwepo ningeamini kila neno.

Ati Turfgraf ilizaliwa Emmen mwaka 1996, katika ghala la viazi, vijana watatu na hasira zao. Ala! Hilo ghala lilishuka kutoka mbinguni? Si ni mimi niliyekuwa namwogesha babu yake Ruud, mpiga ngoma wenu, kila asubuhi kazini, nikamsihi awape mahali pa kupigia kelele zenu, naye akasema sawa ila msiviguse viazi vyake? Na hasira gani hizo? Ulikuwa na miaka kumi na minane, umefika Uholanzi juzi, ukinililia chapati.

Ati ile sauti ya kunguruma ulijifundisha mwenyewe. Wewe! Wiki ya tatu ulikuwa unatema damu kwenye sinki langu. Ni mimi niliyekukalisha kwenye kiti, nikakushika tumbo, nikakuambia pumzi ivutwe kutoka hapa, si kooni, kama nilivyokuwa nikiwaambia wazee wenye pumu. Ati kwenye shoo yenu ya kwanza ukumbi ulifurika. Tulikuwa watu kumi na wawili, Omollo. Nilikuwa mmoja wao, nimekaa juu ya sanduku la ngoma na sare yangu ya kazi, pamba masikioni, nangoja kuwarudisha nyumbani na gari langu.

Hayo hayakuniuma, nisikudanganye. Nilicheka hata. Historia ya bendi ni ya bendi, na hakuna anayenunua muziki wenu wa death metal kwa sababu ya dada aliyechemsha tangawizi. Mengine umeyaandika yalivyokuwa: santuri ya kwanza ya mwaka 1999, ya pili mliyozunguka nayo hadi Poland, ugomvi wa 2008 Ruud akaenda zake kuuza matrekta, kupatana kwenu 2019, na Korona kuwafungia ziara mkiwa mmeshafunga mizigo. Nilikuwa upande wako wakati wote huo, hata baada ya kuhamia huku. Kila mlipogombana ni mimi uliyenipigia.

Lakini kuna historia nyingine ya Turfgraf ambayo hukuiandika, na hiyo tuliijua wewe na mimi peke yetu.

Baba alipouliza mtoto wake anaimba nini huko Ulaya, ni nani aliyemjibu kwamba unaimba kwaya? Mzee wa kanisa, mtu aliyezima redio wakianza kupiga rumba, ningemwambia nini? Kwamba mwanawe wa mwisho ana nywele hadi kiunoni na anaimba habari za maiti? Alipotaka picha, nilimtumia ile mliyovaa nguo nyeusi, nikaikata sehemu ya mafuvu, nikamwambia hayo ni majoho ya kwaya. Akaitundika sebuleni. Alipotaka kaseti, nilikwenda kanisani pale Emmen, nikarekodi kwaya ya wazee wa Kiholanzi, nikaiposti. Unakumbuka alivyosema kwenye simu? Kwamba amekutambua, wewe ndiye ile besi nzito ya nyuma. Tulicheka tukashikana mbavu, na mimi baadaye nikaenda chooni nikalia.

Miaka ishirini na zaidi baba aliwapigia wageni kaseti ile. Kila Krismasi nilizidi kumdanganya, leo kwaya yenu imekwenda Ujerumani, leo mmeimba mbele ya askofu. Nilimdanganya mtu niliyempenda kuliko wote kwa ajili yako, nawe hukuniomba hata siku moja niache.

Ndipo akafariki, na wewe unajua ilivyokuwa. Mpaka wa Australia umefungwa, nimejaza fomu ya ruhusa ya kusafiri nikaambiwa nisubiri. Huko nyumbani serikali imesema maiti izikwe ndani ya siku tatu, watu wasizidi hamsini. Binti mkubwa wa mzee Owuor yuko Macquarie Fields, na baba anashushwa kaburini.

Kwetu binti haingii kwenye msiba wa baba yake kimya kimya kama mgeni. Anaanza langoni, anakwenda akilia na kumwita, anayasema yaliyo kati yake na marehemu, mpaka afike kwenye jeneza. Asipofanya hivyo ni kama hakuja. Hayo hukufundishwa Uholanzi, uliyaona kwa macho yako tulipomzika mama. Kwa hiyo shemeji Chepngetich, Mungu ambariki, aliishika simu akasimama nayo langoni, sauti imefunguliwa yote, akaanza kutembea polepole. Na mimi huku, saa kumi na moja jioni, nikaanza kutembea kutoka kwenye sanduku la barua barabarani, nikipita uani, tukienda hatua kwa hatua na Chepngetich. Jirani yetu Msamoa alitoka kuona kuna nini. Alisimama upande wake wa uzio, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka nilipofika jikoni. Hajui neno langu hata moja.

Wewe ulikuwa kwenye simu ile ile. Kijisanduku chako kilikuwa kando ya changu, kamera umeizima. Nilidhani umeizima kwa sababu unalia na hutaki watu wakuone. Moyo uliniuma kwa ajili yako, nikasema masikini Omollo, yuko peke yake na baridi yake.

Kumbe unarekodi.

Na ulijua ninachokisema pale. Nilimwambia baba ukweli, kwa sababu sikutaka azikwe na uongo wangu. Nilimwambia ile sauti kwenye kaseti haikuwa ya Omollo, nilimwambia nilikudanganya baba, nilikuwa namfichia Omollo, nisamehe mimi na umsamehe Omollo. Mara tatu nilikutaja. Nimesikiliza wimbo wenu nikihesabu. Kila penye jina lako mmepachika kishindo cha ngoma za Ruud, jina likamezwa. Aibu yangu yote inasikika wazi, mpaka kamasi zinasikika. Yako haimo.

Halafu nikafika chini kabisa, kwenye orodha ya walioshiriki. Umemtaja fundi mitambo, umemtaja mchora jalada, umewashukuru majirani waliovumilia kelele. Mimi umeniandika hivi: mwombolezaji asiyejulikana, Afrika Mashariki.

Asiyejulikana na nani, Omollo? Na wewe? Mimi niliyekufunga vifungo vya sweta uwanja wa ndege Schiphol kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi? Nimekaa na neno hilo siku tano. Nikivaa glavu kazini naliona. Ungenitukana ningekujibu tukayamaliza. Lakini umeketi, umefikiri, umechagua neno, ukaliandika.

Nilipokutumia ujumbe Jumatano, ulinijibu mistari miwili. Kwamba ni sanaa, dada, ni njia yako ya kumheshimu baba, na kwamba kama ni suala la jina utaliweka kwenye toleo la pili. Jacky naye aliona hilo ni jibu zuri, akaniambia nikubali. Hapana. Jina langu likae huko huko liliko. Sikuja kwenye bendi yenu kuimba. Nilikuwa namlilia baba yangu, na kama ni heshima unayotaka kumpa, ungefungua kamera ukalia naye kama mimi.

Sasa nikuambie ulichonichukulia, maana sidhani unakijua. Sikumwona baba akiugua. Sikumvisha, sikutupa hata udongo. Nilichokuwa nacho ni matembezi yale ya kutoka barabarani hadi jikoni, basi. Leo asubuhi kwenye ibada, ile ya kompyuta, mchungaji alimtaja baba, machozi yakanijia. Yakakatika pale pale. Kichwani kwangu zile ngoma zilikuwa zimeshaingia. Nikijaribu kuukumbuka mwendo ule nafika mpaka kwenye mlango, na hapo ngoma zinaanza, na baba simpati tena. Nimejaribu kila siku. Nimeanza kuogopa kujaribu.

Kwa hiyo sikutishi na mawakili, ingawa Jacky amenitafutia namba zao. Mtu hampeleki ndugu yake wa tumbo moja kortini kwa sababu ya kilio. Usiniambie pia kwamba santuri zimeshachapwa, maana mambo yenu ya kuchelewesha albamu nayajua tangu kaseti ya kwanza. Itoe, au la, usiitoe, wewe ni mtu mzima.

Nisalimie sana Marloes, na umshukuru kwa zile soksi. Mbusu Fenna mashavu yote mawili, umwambie shangazi anampenda. Mama yake Sjoerd, kama bado yu hai, mwambie lile koti alilonipa bado ninalo. Hata Ruud msalimie, sidhani aliambiwa ni nani anayelia. Mungu akulinde na ugonjwa huu, akutunzie mapafu yako, akupe kuona wajukuu.

Jambo la mwisho, nalisema bila hasira, chai yangu iko mkononi. Jana nilimketisha Jacky, nikamwambia iwapo sauti yangu itakuwemo kwenye albamu tarehe tano, basi siku nitakayokufa mimi wanilie kwanza, wanizike, wafukie, watu waondoke makaburini. Wakifika nyumbani na kunawa mikono, ndipo akupigie simu.

Ni mimi ninayekupenda hata leo, na ndiyo maana siwezi kulala,

Dada yako,
Rispah