Ile Kadi ya Ufukweni

Kwa kaka yangu Magesa, nyumbani Suguti.

Shikamoo kaka. Mama naye umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi mwili ni mzima, nakula, usingizi ndio haba. Nataka kujua miguu ya mama inaendeleaje, na pamba yenu kama imeshachukuliwa au bado imelala ghalani inangoja lori. Najua utanijibu ukiwa na hasira. Jibu hivyo hivyo.

Barua yako imenifikia Ijumaa, baada ya kukaa njiani miezi miwili. Kwa hiyo nimejua kifo cha baba wakati nyie mmeshamaliza kulia, mmerudi shambani. Niliisoma nimesimama pale pale posta, mpaka nikafika kwenye maneno yako: "Baba amelala chini, wewe umelala ufukweni." Yameniuma, kaka, lakini sikulaumu. Ile kadi niliyomtumia mwanao Nyangeta, yenye picha ya mchanga mweupe na minazi, kumbe ilifika siku ya tatu ya msiba, wazee wakapokezana kuitazama. Ningekuwa mimi nimeketi pale ningesema mabaya zaidi. Niliichagua kwa sababu ya rangi tu. Ufukwe wenyewe nilikuwa sijaukanyaga.

Unasema nimekuwa mtalii. Ngoja nikueleze utalii wangu. Chuoni, huku kisiwani ng'ambo ya bahari, tunafundishwa kilimo cha pamba asubuhi mpaka jioni, na siku ya kutoka ni Jumamosi. Jumamosi hii sikuwa na hamu ya kwenda popote. Lakini mama mwenye nyumba ninayopanga, mjane mkali kidogo, alipojua nimefiwa akanitoa chumbani. "Mtu hakai na msiba peke yake," akasema. "Panda basi, zunguka kisiwa, uone watu."

Nikapanda. Kisiwa ni kidogo, ila hakuna basi linalokizunguka. Kila basi linatoka mjini, linafika kijiji cha mwisho, linageuza. Ukitaka kijiji cha upande wa pili, urudi mjini ukapande basi jingine, au utembee. Nikatembea. Jua lao si kali kuliko letu, lakini upepo una chumvi na midomo inapasuka. Wazungu wenye magari ya kukodi walikuwa wanasimama kuniuliza njia wakidhani mimi ni mwenyeji kwa weusi wangu, na wenyeji wakisikia ninavyoongea wananiuliza narudi kwetu lini. Nilichoka kuwajibu wote. Madukani sukari imejaa, sabuni imejaa, hakuna foleni, na mimi hata hilo halikunifurahisha. Niliona tu moyoni mama yetu akifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni.

Mchana nikapata basi dogo la kaskazini. Kwenye kanisa moja la mawe tukakuta watu wamejaa barabarani na nguo nyeusi, jeneza linaingia makaburini. Dereva akapunguza muziki, akangoja wapite, akatia gia. Nikamwambia nishushe.

"Unamfahamu marehemu?"

"Hapana."

"Sasa unashukia nini? Basi jingine ni la jioni."

Kwetu unapitaje msiba wa watu ukiwa umeketi kwenye gari? Baba alikuwaga anashuka hata kwenye baiskeli yenye mzigo, anasimama mpaka wapite. Nikashuka.

Nikakaa nyuma. Mchungaji alipomaliza nikangoja wanaume wavue makoti waanze kufukia. Hakuna aliyevua. Kumbe huku kazi hiyo ina watu wawili wa kulipwa, na wafiwa wanaimba tu wakitazama. Mimi sikulijua hilo. Nilipoona mmoja ameanza kutoka jasho, nikamwendea nikashika chepe nimpokee, kama tunavyopokezana sisi. Akalivuta. Na mimi nikalivuta. Alidhani namnyang'anya kazi yake. Watu wakaacha kuimba.

Akaja mama mmoja mtu mzima, binti wa marehemu. Akanitazama usoni muda mrefu, kisha akaniuliza polepole, "Mama yako wewe ni wa bandari gani?" Kumbe baba yao alikuwaga baharia, na miaka yote wamekuwa wanasubiri mtoto wa nje ajitokeze siku ya maziko. Nikamwambia hapana mama, mimi mpita njia tu, natoka Tanzania.

"Basi unamzika nani hapa?"

Nilitaka kusema nasaidia tu. Likatoka jingine. "Baba yangu. Amezikwa bila mimi." Nikalia mbele ya watu nisiowajua hata majina, na tangu Ijumaa nilikuwa sijalia. Yule mama akamgeukia mwenye chepe akamwambia, "Mpe."

Nimefukia mpaka mwisho. Viganja vimetoka malengelenge, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi. Basi la jioni likanipita, wafiwa wakanipa wali na samaki, mchungaji akanirudisha mjini kwa gari lake. Lakini njia nzima nilijua kwamba yule hakuwa baba. Baba ni yule aliyenisindikiza mpaka Bunda juu ya lori la pamba, amekumbatia samaki zangu za kukausha, zile furu, zisipondwe, na mimi nikamwambia ashuke arudi, atachelewa.

Sasa ombi langu. Umeandika kwamba kaburi bado ni udongo mtupu kwa sababu Musoma nzima hakuna simenti, na mjomba wetu wa kule Nyakato ameahidiwa mifuko michache, ikija tu mnajengea. Najua mvua inalimomonyoa na mama anaona aibu mbele ya majirani. Nakuomba msijengee mpaka nirudi, nami nitie udongo wangu. Nauli ya ndege chuo hakitoi mpaka nimalize, na nitamaliza mavuno yajayo. Simenti ikija ipokeeni, iwekeni juu ya mbao mbali na ukuta, mfunike na nailoni. Ikiganda ikawa jiwe kabla sijafika, nitaitafuta nyingine mimi mwenyewe, hata nikipanga foleni mwezi mzima.

Nisalimie shemeji Nyamwiza, mkeo, na umwambie pole ya kupikia msiba. Mjomba wa Nyakato mwambie asinune, simenti yake tunaihitaji bado. Shangazi wa Bweri, dada yake baba, mpe pole kwa mikono miwili. Nyangeta asiichane ile kadi, kosa si lake.

Na wewe kaka, usiponijibu nitaelewa. Ila mvua ikiondoa udongo, rudishia kichwani na ubavuni. Miguuni pale usirudishie. Niachie.

Ni mimi mdogo wako,
Bwire