Mstari wa Kurithi

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu Kidoti kaanza chekechea! Hakulia. Nililia mimi. Kwenye fomu palikuwa na mstari: "Matatizo ya kurithi katika familia." Nikaandika ukweli — baba yake yuko jela, wizi. Nilidhani ndicho wanachouliza. Mwalimu akasoma, akaniangalia, akasema haya mama, asante.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsimulia mwenzangu wa kazini pale dobi. Kacheka mpaka kakalia mashuka ya watu. We mwana we, walitaka pumu, kifafa! Nikacheka naye. Halafu kicheko kikanikauka.

Alhamisi, 6 Machi
Kengele ndogo ya darasani imepotea. Watoto ishirini na wawili — begi lililomwagwa chini ni moja, la Kidoti. Hawakuikuta. Mwalimu hakunifokea. Kwa upole kabisa: simlaumu mtoto, mengine yako kwenye damu, hata wataalamu wameyasomea, bora tuwe macho mapema. Nimefika nyumbani, mama mkwe naye! Eti hata mwanawe alianza kwa kumwibia vijiko. Kidoti kile kile cha baba yake chini ya jicho, na mkono utakuwa ule ule. Nikamwambia, sasa mama, hiyo damu mwanao kaitoa wapi kama si kwako? Kanuna. Nimemwomba radhi kwa ajili ya ukali wa sauti yangu. Swali sijalirudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi yangu ni kukagua mifuko kabla nguo hazijaingia majini. Kalamu, risiti, leo pete. Vyote nimerudisha. Jioni nikajikuta nimeshika gauni la mwanangu, vidole vimo mfukoni. Naye kasimama ananitazama. Mazoea ya kazi tu, nikajiambia.
Uongo. Nguo ilikuwa haiendi kufuliwa.

Jumatatu, 10 Machi
Kengele imeonekana! Nyuma ya kabati. Hakuna aliyesema pole. Nikaomba fomu yangu. Mwalimu: ya nini tena mama, si yameisha? Sikuondoka. Akanipa mpya, nijaze upya. Ninayo hapa mezani. Mstari ule mtupu, wino unanikaukia.

Kidoti kaingia sasa hivi kutoka uani. Kasimama mlangoni, kageuza mifuko yake nje, yote miwili, imening'inia kama masikio. "Mama, kagua."
Hili hakulitoa kwa baba yake.
Namwambia njoo, mwanangu, njoo hapa. Haji — anangoja nikague kwanza.