Dereva Aliyeambiwa Angoje Tu

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi huku Matulo ni wazima, na mahindi yametoka vizuri. Umeniuliza kama nimewahi kuona filamu ya zamani ya wezi, kama hiyo mnayosoma chuoni, ambayo mwongozaji wake alikuwa bado kijana.

Niliona moja Kitale, miaka ya themanini, na kaka yangu Wafula. Haikuwa na rangi. Wezi walipanga kuvunja benki, na dereva wao akaambiwa kazi yake ni kungoja tu garini. Yeye ndiye aliyepigwa risasi kwanza. Wafula akanishika mkono kwa nguvu.

Tulipotoka akaniambia, "Dada, kuna vijana wanataka niwaendeshee lori kesho. Wanavunja stoo ya mahindi. Ati mimi nitangoja tu."

"Na utaenda?"

"Siendi. Turudi nyumbani."

Tukapanda basi la Bungoma jioni hiyo hiyo.

Habari kwamba vijana wale wameshikwa ilimkuta Wafula akipalilia maharagwe na Mama. Aliweka jembe chini, akaketi, akavuta pumzi ndefu.

"Umechoka?" Mama akamuuliza.

"Hapana, Mama. Nimepumzika."

Wafula yuko hapa nje, anakusalimu.

Ni mimi Kukhu wako